Mshono wa Namba Saba

Fundi hakuzima redio kabla mtangazaji hajamaliza kuaga. Mteja angesimama kibarazani, kofia mkononi, basi lake likiunguruma ng'ambo ya barabara, naye Fundi angemwinulia kidole: ngoja. Mtangazaji akishasema kwaheri, Fundi angejibu kwa sauti ya chini, "Kwaheri, bwana," ndipo azungushe kifundo. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka siku za mwanzo, kabla sijajua sababu.

Kibaraza hicho kilikuwa mbele ya duka la vitambaa mjini Kakamega, miaka ile ya Uhuru, wakati kila aliyepata mshahara alitaka kwanza baiskeli, kisha redio. Fundi alikaa upande wa kulia, meza yake imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mimi nilikaa upande wa kushoto, nikishona vifungo na kupinda marinda kwa mkono kwa ajili ya mshonaji wa pale. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba alikuwa amechukuliwa na mto Isiukhu akitengeneza uzio wake wa kuvulia samaki wakati wa mafuriko, na mama alimfuata mwaka uliofuata, kwa homa. Tulibaki mimi, mdogo wangu Makokha, na Nafula wetu wa mwisho, pamoja na kukhu, nyanya yetu mzaa baba. Siku ya kwanza Fundi aliniuliza nyumbani kwetu mkubwa ni nani. Nikamwambia ni mimi. Aliniangalia, nilikuwa na miaka kumi na saba na viatu vya marehemu mama, akasema, "Salaam, Mkubwa." Tangu hapo hakuniita jina lingine, hata mbele ya watu, na hakuwahi kulitamka kwa kejeli.

Kwa wateja hakuwa mtu mpole. Mzee mmoja alileta redio iliyoingia mende, akalalamika kwamba aliuziwa ikiwa mbovu. Fundi aliigeuza, mende wakadondoka mezani, akamwambia, "Hawa ni wapangaji wako, mzee. Redio haina kosa." Mama mmoja wa sokoni aliyependa kumchokoza akamuuliza kama angeweza kuitengeneza redio yake iwe inazungumza Kiluhya peke yake. Fundi akamjibu kwamba ikianza kuzungumza Kiluhya itamgombeza kama mumewe, bora aiache na Kiswahili. Alizungumza kutwa nzima. Lakini nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya msikiti, hakuwa na redio hata moja. Nilipomuuliza, alisema masikio nayo yanahitaji kitanda.

Mambo yake mengi yalipingana namna hiyo. Aliogopa maji. Kazi iliyomletea umaarufu ilikuwa ya samaki wa mtoni, ila hakuwahi kuingia mtoni kupita magoti, na hata hapo alishika kamba iliyofungwa kwenye mti. Samaki hakula. Akiletewa samaki wa kukaanga pamoja na obusuma, ugali wa kwetu, alikula obusuma kwa mchuzi na kumrudisha samaki akiwa mzima, kama mgeni aliyekuja kusalimia tu.

Kazi yenyewe ilianza na Afisa wa Samaki, kijana wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Wazee wenye nyuzio za kuvulia kandokando ya Isiukhu walikuwa wamemwendea na malalamiko. Mvua zikianza, ningu hupanda mto kutoka ziwani kuja kutaga mayai huku juu. Ni samaki mwenye midomo minene, anayepanda Nzoia, kisha Isiukhu, hadi vijito vinavyopita mashambani. Zamani walijaa hata watoto waliwakamata kwa vikapu. Sasa kila mwaka walipungua, na wazee walisema ni kwa sababu ya nyavu mpya zilizotandazwa kule chini, mto unapoingia ziwani. Watu wa kule chini walijibu kwamba ningu wao ni wa ziwani, wa kwetu ni wa mtoni, na kila mtu ale wake. Afisa alitaka kuthibitisha kwamba ni samaki walewale, kwamba anayetoka kwetu hushuka ziwani na kurudi kwetu, ili nyavu zifungwe majira ya mvua. Akaja na redio yake kutengenezwa, wakazungumza, na mwishowe akauliza kama yawezekana kutengeneza redio ndogo ya kuingia tumboni mwa samaki.

 Baada ya miezi miwili Fundi alikuwa nayo mkononi. Ilikuwa kama pingili ya kidole changu kidogo: transista moja, betri ya duara kama kifungo cha koti, waya mwembamba uliozungushwa, vyote vimezamishwa katika nta ya nyuki. Haikusema neno. Ilipiga tu: tik, kisha kimya, kisha tik. Ukivaa visikizi vya kijeshi na kuzungusha pete kubwa ya waya aliyoiwamba juu ya fremu ya mbao, ungejua sauti inatoka upande gani.

Afisa aliiita kwa jina refu la Kizungu. Watu waliiita hirizi ya Serikali.

Ili ajue kama inaweza kufanya kazi mahali penye maji, Fundi aliiweka mdomoni, chini ya ulimi, akapita nayo sokoni huku nimevaa visikizi kibarazani. Nilimsikia mpaka alipofika kwa wauza kuku. Siku ya Ijumaa aliisahau mdomoni akaenda msikitini. Alirudi amekasirika kweli, akasema amesimama safu ya mbele akipiga tik kama saa ya ukutani na hakuweza kutamka hata "Amin". Habari hiyo ilienea. Wauza mboga wakimwona wangemuuliza ningu wamesema nini leo, na kama wamepiga simu watakuja saa ngapi. Naye angewajibu kwamba wamesema wanawajua wanaopunja kipimo.

Mimi niliingizwa katika kazi hiyo kwa sababu ya mkono wangu. Hirizi ilihitaji kutiwa tumboni kwa kupasuliwa kidogo kwa wembe, na samaki wa kwanza walikufa kwa sababu tundu halikufungwa sawasawa. Afisa alishona kama anayefunga gunia la mahindi. Fundi alikuwa ameniangalia kwa miezi nikishona. Akaniambia, "Mkubwa, njoo uoneshe watu hawa maana ya sindano."

Mimi hutumia mkono wa kushoto. Mtawa aliyenifundisha kushona kule Mukumu alijaribu kunibadilisha, akashindwa, akaniachia. Ndiyo maana fundo langu hupinda upande usio wa wengine, na mkia wa uzi hubaki kushoto. Tulifanya kazi kando ya mto asubuhi, ningu akiwa amelazwa chali ndani ya karai lililotandikwa jani la mgomba, gunia lililoloweshwa limemfunika macho, Afisa akimmiminia maji mashavuni kwa kopo. Fundi alitia hirizi. Mimi nilishona mishono mitatu kwa uzi wa hariri uliochemshwa. Kisha tulimshika majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, hadi atikise mkia mwenyewe. Fundi hakumsukuma samaki aende. Alisema anayetaka kwenda utamjua kwa mkia wake.

Tulishona samaki saba. Kila hirizi ilikuwa na mwendo wake, ndivyo alivyozitofautisha. Ya kwanza ilipiga haraka kama moyo wa kuku, na betri yake ilikufa katika siku chache. Aliendelea kuzipunguzia mwendo ili zidumu. Namba saba aliitengeneza mwisho, ikiwa na betri mbili, polepole kuliko zote. Ilipiga mara moja, ukahesabu taratibu hadi tano, ndipo ikapiga tena. Juu ya nta alikwaruza mikwaruzo saba kwa msumari. "Hii," alisema, "ikipata bahati itashuka ziwani na kurudi mvua za pili ikiwa bado inapumua."

Tulimwachia namba saba mwisho wa masika. Alikaa mguuni pa Fundi kitambo, kisha akatikisa mkia.

Miezi iliyofuata Fundi alikuwa mtu wa mtoni. Kila alfajiri, kabla ya kufungua meza yake, alishuka Isiukhu na pete yake ya mbao, akasimama kwenye kilima kidogo, mbali na maji, na kusikiliza. Namba saba alififia upande wa chini, kisha hakusikika tena. Nilimpelekea uji mara nyingi. Nilikuwa na swali ambalo sikuthubutu kuliuliza, kwa sababu lilikuwa la kitoto. Baba yangu hakupatikana. Watu waliutafuta mwili siku nyingi, wakashuka hadi Nzoia, wakarudi mikono mitupu. Kwa desturi yetu tulizika shina la mgomba badala yake, limevikwa shuka lake. Nilimwona Fundi amefumba macho, visikizi masikioni, uso umeuelekea mto uleule, na nikajiuliza anasikia nini kingine.

Siku moja nilimuuliza. Hakucheka. Aliniambia kwamba maji ya mto, ukiyasikiliza kwa redio, hayana sauti kabisa. Ni kimya cheusi, radi tu hupasua mara mojamoja. Ndipo akanisimulia ya vita vya Burma, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa askari wa mawasiliano. Kulikuwa na kituo chao kimoja ndani ya msitu, rafiki yake ndiye mwenye redio ya huko, wakawa wanaitana kila saa. Saa moja ikapita bila neno, na ya pili. Mkuu wao akaamuru seti ifungwe kwa sababu betri zilikuwa chache, naye Fundi akaifunga. Walipofika pale msituni walikuta karatasi ya yule rafiki, imeandikwa saa alizokuwa akiita. Aliita hadi jioni ya siku iliyofuata.

"Mtu hafungi sikio kwanza, Mkubwa," alisema. "Aache yule wa upande wa pili ndiye afunge."

Akanywa uji wake, akarudi kwenye visikizi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na jambo jingine. Nafula alikuwa na miaka sita. Alipozikwa baba alikuwa ameona wakikata mgomba, ameona wakiufunga shuka, na hakuna aliyekumbuka kumtoa pale. Tangu siku hiyo hakukanyaga nyuma ya nyumba. Tukimtuma kufagia kaburini kama watoto wengine, alisema, "Pale hakuna baba. Pale kuna mgomba." Hakulia. Aligoma kwenda mtoni, aligoma kula chochote kilichotoka mtoni, na chakula kingine alikula kama anayelazimishwa. Alikuwa anakonda. Kukhu alisema mtoto amesimama katikati, mguu mmoja kwetu na mmoja kwa baba yake, kwa sababu mto haujarudisha kitu. Nilijua kukhu anamaanisha nini. Kitu chochote, hata kifungo cha shati, kingetosha. Makokha alikuwa amepita kandokando ya mto mara nyingi akitafuta kifungo.

Mvua za pili zilipoanza, Makokha alikuwa kijana wa kutosha, akauchukua uzio wa baba. Hakuna aliyekuwa ameugusa tangu ile siku. Alitega mgono, ule mtego wa kikapu, katika pengo lilelile baba alilokuwa akiziba maji yalipomchukua. Mimi sikutaka, ila tulihitaji kula, na pengo lile lilikuwa letu.

Asubuhi ya tatu alirudi na ningu mmoja, mkubwa, tumbo limejaa. Kwetu ningu wa kwanza wa msimu hauzwi wala hapelekwi kwa jirani. Hupasuliwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, na nyumba yote humla. Mwenye nyumba nilikuwa mimi. Makokha alimweka juu ya jani, akamgeuza.

"Dada," akasema, "hii samaki imeshonwa."

Niliinama. Kovu lilikuwa limeziba vizuri, nyama imeota juu ya uzi, lakini ncha ya hariri ilitokeza upande wa kushoto. Nilijua mkono ule kama ninavyojua mwandiko wangu. Nilikipitisha kidole juu yake. 

Nikampasua. Mayai yalimwagika, ya manjano, mengi, na katikati yake ilikuwapo hirizi, mikwaruzo saba juu ya nta.

Nilijua maana yake. Afisa alikuwa ametuambia waziwazi, mbele ya Fundi na mbele yangu, kwamba wakubwa wake wametoa msimu mmoja tu. Ikipatikana hirizi moja iliyoshuka na kurudi, nyavu za kule chini zitazungumziwa. Isipopatikana, mradi utafungwa. Fundi mwenyewe alikuwa amezunguka masoko na makanisa na misikiti akiomba atakayeona kitu tumboni mwa ningu akilete, hataulizwa neno. Nilikusudia kuipeleka. Niliiosha, nikaiweka juu ya kinu, nikasema nitaondoka nayo baada ya chakula. Sikukawia zaidi ya kuteka maji.

Niliporudi, kukhu alikuwa ameketi na Nafula nyuma ya nyumba. Kukhu alikuwa amechimba kwa jembe la palizi kando ya kichwa cha kaburi, shimo la kina cha mkono. Alikuwa anamwambia mtoto kwamba mto umerudisha kitu, umekirudisha pale pale ulipomchukulia baba, ndani ya tumbo la samaki, kama barua. Nafula alikuwa ameishika ile hirizi katika viganja viwili. Hakuniangalia. Aliiweka shimoni mwenyewe, akafukia mwenyewe kwa mikono, akapigapiga udongo.

Nilisimama na mtungi kichwani. Nilikuwa na neno mdomoni na sikulitoa.

Mchana ule Nafula alikula ningu. Alikula na mayai. Kesho yake asubuhi niliamka nikasikia ufagio nyuma ya nyumba.

Siku ya tatu baada ya hapo Fundi alikuja kwetu. Nilikuwa nachambua kunde mlangoni. Nilimwona akitoka njia ya mtoni, visikizi masikioni, pete ya mbao mbele yake, akitembea hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Aliingia uani bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliizungusha pete kulia, kushoto, kulia. Ikatulia. Alisimama ameielekea nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, akifumba macho, midomo yake ikihesabu. Nafula alikuwa kule nyuma anafagia. Nilihesabu naye moyoni. 

Kisha akavua visikizi, akamsalimia kukhu kwa heshima zote, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa yote. Alipokuwa anaondoka aliniambia bila kunitazama, "Kuna radi nyingi leo. Sikusikia kitu cha maana." Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Mtu aliyeweza kumwambia mteja uso kwa uso kwamba redio yake ina wapangaji alikuwa mwongo mbaya sana. Lakini nilitaka kumwamini, kwa hiyo nilimwamini.

Msimu uliisha. Hirizi haikuletwa. Afisa alihamishiwa pwani, akaja kuaga na kumshika Fundi mkono kwa muda. Wazee wenye nyuzio walimlaumu Fundi kwamba aliwadanganya kwa vitu vya mchezo. Yule mama wa sokoni akamuuliza kama ningu wamekata simu. Wote walicheka, na Fundi, ambaye sikuwahi kumwona akikosa jibu, alisema, "Wamekata," akaendelea kuunganisha waya. Baada ya mwaka alifunga meza yake akarudi upande wa Matungu kwa ndugu zake. Aliniachia mkasi wake mdogo. Hakuniambia neno juu ya samaki, wala mimi.

Nyavu za kule chini hazikufungwa. Ningu walipungua mwaka hadi mwaka, kisha kukawa na mwaka ambao Makokha alitega mgono msimu mzima akapata kambare wawili. Uzio wa baba ulioza. Leo ukiwauliza watoto wa Nafula ningu ni nini, watakuambia ni hadithi ya kukhu. Nafula mwenyewe ni mwalimu, mnene, mcheshi, na kila anapokuja nyumbani hufagia kule nyuma kabla hajaketi. Hajui alichofukia ni nini. Nami nimepita pale maelfu ya mara na ndoo, na kuni, na nguo za kuanika, na kila nipitapo hujikuta nimehesabu hadi tano. Betri ilikufa kabla mwaka ule haujaisha, mtu yeyote wa redio atakuambia. Huwa nahesabu hata hivyo, na nikifika tano husubiri kidogo.

Fundi nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi baadaye. Nilikuwa na cherehani mbili na wasichana wawili wa kuwafundisha. Mteja kutoka Matungu alitaja kwamba yule fundi wa zamani ni mgonjwa, yuko kwa binti ya dada yake, katikati ya miwa. Nilifunga duka nikaenda. Njiani niliyapanga maneno. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, na kama angenilaani, basi.

Binti ya dada yake alinikaribisha ndani, akanitolea kigoda karibu na kitanda. Fundi alikuwa amepungua hata kofia yake ya kufuma ilimfunika nyusi. Nilimwamkia. Hakuitika.

"Ongea kwa nguvu, mama," binti akasema. "Hasikii. Sikio zote mbili zilikufa. Sisi tunamwitanga kwa kumgusa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Uani kulikuwa na wanawake wanapepeta mahindi, watoto, jirani aliyekuja kuazima sufuria. Maneno niliyokuwa nimeyapanga hayakuwa ya kupigiwa kelele. Nilikaa. Binti alituwekea chai akatoka hadi mlangoni. Fundi alikuwa amenitazama na kunitambua, nadhani, kwa sababu alisema "Mkubwa" kwa ile sauti nene isiyojua ukubwa wake, ya mtu asiyejisikia, na wale wanawake uani wakageuka.

Niliuchukua mkono wake, nikakikunjua kiganja. Nikagonga mara moja kwa kidole. Nikahesabu taratibu hadi tano. Nikagonga. Nikahesabu. Nikagonga.

Mara ya tatu vidole vyake vilikaza.

"Saba," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta.

"Nilimsikia kwenu," alisema kwa sauti kubwa. "Pete ilielekea kaburini kwa mzee wako. Na yule mtoto alikuwa anafagia juu yake." Alipumua. "Ningewaambia nini? Wangenituma nirudi na jembe."

Nilitaka kumuuliza kuhusu ningu, kuhusu mto ulivyokuwa mtupu, kama amewahi kujuta. Hakukuwa na namna ya kuligonga swali hilo kiganjani. Labda aliliona usoni.

"Tulinyamaza wawili, Mkubwa," alisema. "Usiubebe peke yako."

Kisha akainua kichwa kutoka kwenye mto, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mtu wa kibarazani, aliyepita sokoni akipiga tik, hirizi chini ya ulimi.

"Mshono ulishika?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Nyama iliota?"

Ndiyo.

"Alikuwa na mayai?"

Nilimwonesha kwa mikono miwili, mengi kiasi hiki, na akacheka, akacheka hadi akakohoa, na binti akaja mbio kutoka mlangoni akiuliza kuna nini.  Fundi aliutafuta tena mkono wangu juu ya shuka. Sasa yeye ndiye aliyegonga kiganjani mwangu, mara moja, akasubiri, akagonga tena, na ilipofika zamu yangu nilimjibu.

Chai ilipoa. Binti aliniambia mara mbili kwamba gari la mwisho la Kakamega halisubiri mtu. Nilisikia mara zote mbili. Nilihesabu hadi tano nikagonga, nikahesabu hadi tano akagonga, na mkono wangu sikuutoa mimi kwanza.